Mwendo wa aliye nyuma: somo la uongozi kutoka mlima Nyiragongo

"Tutarudi lini?" Swali hili huulizwa karibu katika kila kikao tunachofanya na familia za wakimbizi wa ndani hapa Bulengera. Wanaouliza wametoka eneo la Beni na Mambasa na, tangu vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, wametoka pia kusini mwa Lubero. Swali likiulizwa, watu wote huwageukia wajumbe wa kamati, kana kwamba wao wanayo tarehe mfukoni.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wajumbe hao, na kwa ajili ya kila baba au mama anayepaswa kuamua kwa niaba ya wengine. Nitaanza mbali kidogo, juu ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Huko ndiko nilikojifunza kwa miguu yangu mambo ambayo sikuyapata chuoni.

Safari ya kwenda juu

Mwaka 2019 nilipanda Nyiragongo pamoja na vijana wenzangu. Mlima huu uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, kaskazini mwa mji wa Goma. Wakati ule hakuna mtu aliyeruhusiwa kupanda peke yake. Kila kundi lilitembea na mwongoza njia na walinzi wa hifadhi wenye silaha. Wapagazi walibeba mizigo ya waliotaka kusaidiwa.

Njia inaanzia Kibati, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele kina mita 3,470. Umbali ni kilomita nane hivi tu, lakini kundi huchukua saa nne hadi sita kufika. Kwanza unapita msituni, kwenye kivuli na udongo laini. Halafu unafika kwenye mawe meusi ya lava ya mwaka 2002, ambayo huteleza na kukata viatu. Juu zaidi miti inakuwa mifupi, ukungu unashuka, na mwisho kunabaki mawe matupu na mteremko mkali. Usiku, ukingoni mwa shimo kubwa la kileleni, tuliliona ziwa la lava likichemka chini yetu, jekundu kama makaa. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba hakuna aliyetaka kutoa mikono mfukoni.

Kabla ya kuondoka Kibati, mwongoza njia alitutazama mmoja mmoja. Alimwona dada mmoja aliyekuwa na mwendo wa polepole, akamwambia, "Dada, wewe utakaa hapa nyuma yangu. Sote tutafuata mwendo wako." Vijana wenye nguvu walinung'unika. Akawajibu, "Mlima haukimbii, ndugu zangu."

Aliyeficha maumivu

Tulipumzika mara kadhaa njiani. Tulipokaribia mita 3,000, mwenzetu mmoja, mchezaji hodari wa mpira, alianza kuumwa kichwa na kichefuchefu. Aliona aibu akanyamaza. Mwongoza njia ndiye aliyegundua, kwa sababu kila tuliposimama alipita kwa kila mtu akiuliza kama amekunywa maji na kama kichwa kinauma. Katika milima mirefu hewa ni nyepesi, na mwili usioizoea unaweza kuugua. Hali ikizidi kuwa mbaya, dawa ya kwanza ni kushuka.

Wengi wetu tulisema, "Imebaki kidogo tu, ajikaze." Mwongoza njia alikataa. Alimpa mlinzi mmoja na mpagazi mmoja wamshushe polepole mpaka Kibati. Kijana alikasirika, nasi pia tulikasirika kwa kucheleweshwa. Ndipo mwongoza njia alipotuambia neno ambalo sijalisahau: "Kilele si mwisho wa safari. Mwisho wa safari ni pale Kibati, mkiwa wote."

Kesho yake tulimkuta kijana Kibati akiwa mzima, akinywa chai.

Tulijifunza nini?

Nimewaza sana kuhusu mtu yule katika kazi yangu na familia zilizohama. Naona mambo manne katika uongozi wake:

• Alimweka mnyonge mbele. Kundi lilikwenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na kwa hiyo hakuna aliyepotea msituni.
• Aliuliza bila kungoja kuambiwa. Alijua kwamba watu huficha shida zao kwa aibu.
• Alisema ukweli hata ulipomfanya achukiwe. Hakuahidi kwamba wote watafika kileleni.
• Alikubali kurudi nyuma. Kwake, kumrudisha mtu hakukuwa kushindwa.

Jambo la nne ndilo gumu zaidi kwa viongozi. Hata hivyo hifadhi yenyewe iliwahi kulifanya. Mwezi wa Mei 2018 wageni wawili walitekwa, na mlinzi mmoja kijana, mwanamke, aliuawa akiwalinda. Hifadhi ilifunga utalii mpaka Februari 2019. Ilipoteza mapato mengi, na wapagazi na waongoza njia walikosa kazi. Hasara hiyo ilikuwa nafuu kuliko maziko mengine.

Mlima ulipotoka moto

Nyiragongo umetufundisha pia kuhusu kukimbia na kurudi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache tu wengi walirudi, ardhi ikiwa bado ya moto, kwa sababu hawakuwa na chakula wala mahali pa kulala. Katika siku hizo kituo kimoja cha mafuta kililipuka mjini na kuua makumi ya watu. Walikuwa wameokoka volkano yenyewe.

Tarehe 22 Mei 2021 jioni mlima ulitoka moto tena. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimepungukiwa na fedha za kazi, na watu hawakupata onyo la mapema. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, mamlaka ziliamuru mitaa kumi ya Goma ihamishwe. Watu walitembea kwenda Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, wengine wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Ruhusa ya kurudi kwa hatua ilitangazwa tarehe 7 Juni, lakini wengine walikuwa wamekwisha kurudi kwa sababu ya njaa na kukosa maji safi. Watu kadhaa walikufa kwa gesi walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana kupoa.

Wenyeji wa Goma na Sake wanaijua hatari kama hiyo kwa jina la mazuku. Ni gesi nzito inayotoka ardhini na kukaa mabondeni. Haionekani, lakini huua mifugo na hata watoto. Wataalamu wa nchi nyingine nao wanatumia neno hilo letu la Kiswahili. Mahali panaweza kuonekana pametulia kabisa, majani yakiwa mabichi, kumbe kifo kimekaa pale chini.

Tangu mlipuko wa 2021 na vita vilivyofuata, safari za wageni kwenye mlima ule zilisimama. Kwa hiyo simwaliki mtu kwenda kupanda. Namwalika kila kiongozi achukue fimbo ya mwongoza njia hapa hapa alipo.

Kurudi kwetu sisi

Katika eneo la Beni mauaji makubwa yalianza Oktoba 2014. Tangu hapo wengi wameuawa wakiwa mashambani. Tunajua jinsi inavyokuwa. Maharagwe yamekomaa, kakao inaiva, familia inayotupokea nayo imechoka, na watoto wanalia njaa. Mtu mmoja anasema, "Nimesikia kumetulia." Asubuhi watu sita wameondoka.

Hatuwezi kuwalaumu. Anayerudi shambani kwa sababu ya njaa hakukosa akili. Amekosa njia nyingine. Ndiyo maana kazi ya kiongozi si kukataza tu. Ni kuwasaidia watu kujua wanachokiendea, na kutafuta msaada kwa wale ambao njaa inawasukuma.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba kurudi kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, na kwamba waliohama washirikishwe kikamilifu katika kupanga. Maana yake ni hii: mtu asilazimishwe kurudi, na pia asidanganywe ili arudi.

Kabla kamati haijasema neno lolote kuhusu kurudi, ijiulize:

1. Nani ameona, na nani amesikia tu? Andikeni mambo haya mawili mbalimbali. Habari ya sokoni iliyopita kwa watu watano si sawa na ya mtu aliyelala kijijini jana.
2. Tumeuliza watu wangapi? Ulizeni wachuuzi, waendesha pikipiki, wauguzi wa kituo cha afya, viongozi wa dini na shefu wa kijiji. Msimtume mtu kupeleleza watu wenye silaha. Huko ni kumtoa sadaka.
3. Nani ni wa mwisho katika msafara wetu? Fikirini mjane, mzee, mama mjamzito na mtoto asiye na wazazi. Je, kijiji kina maji, kituo cha afya na shule kwa ajili yao?
4. Tukirudi, tutaishi na nani? Kama nyumba au shamba limekaliwa na mtu mwingine, mazungumzo yaanze kabla ya kufika, mbele ya wazee wa pande zote mbili.
5. Tukiona hatari, tutageukia wapi? Msafara usiojua njia ya kurudi nyuma haujawa tayari kuondoka.

Kama jibu la swali moja halijulikani, kamati iseme wazi, "Hili hatulijui bado." Watu husamehe kiongozi asiyejua. Ni vigumu kumsamehe aliyesema "kumetulia" wakati hakujua.

Familia zinazopokea

Msafara una watu wengine pia, nao ni familia za Bulengera zinazowapa wageni chumba, chungu na shamba dogo. Nazo zinachoka kama yule mchezaji wa mpira, na kama yeye huficha. Mara nyingi tunasikia uchovu huo kwa mara ya kwanza siku ugomvi unapotokea bombani au wakati wa kuandika orodha ya msaada. Kamati nzuri huwa na wajumbe wa pande zote mbili, na huwauliza wenyeji mapema, "Mama, mzigo huu unauonaje?"

Zoezi la kikundi

Zoezi hili linafaa kwa watu 10 hadi 20 na linahitaji muda wa saa moja.

• Chagueni njia fupi ya kupanda kilima. Katika Butembo vilima havikosekani.
• Mtu mmoja abebe bidoni ya maji ya lita 20, mwingine abebe mtoto mgongoni. Mzee mmoja awemo, kama anaweza.
• Mara ya kwanza, kila mtu apande kwa mwendo wake. Mkifika, tazameni nani yuko wapi.
• Mara ya pili, mwenye mzigo atangulie nyuma ya kiongozi, na wote wafuate mwendo wake. Simameni mara mbili, kiongozi amuulize kila mtu hali yake.
• Kaeni chini mzungumze. Mlijisikiaje mara ya kwanza? Je, mara ya pili? Nani alisaidia kubeba mzigo, na kwa nini?

Maswali ya majadiliano

• Katika kikundi chetu, nani huwa nyuma? Je, sauti yake husikika katika vikao?
• Ni shida gani watu wetu huzificha kwa aibu? Tunawezaje kuuliza bila kuwaaibisha?
• Je, tumewahi kusambaza habari ya usalama bila kuihakikisha? Matokeo yalikuwa nini?
• Kuna familia gani ambazo njaa itazisukuma kurudi kabla ya wakati? Tunaweza kufanya nini wiki hii?

Ndugu kiongozi, watu wakikuuliza tena, "Tutarudi lini?", usitafute tarehe ya kuwafurahisha. Waambie unachokijua, waambie usichokijua, kisha tazama nyuma uone nani amebaki. Siku ya kurudi tunaiomba sote. Nayo ikifika, tufike wote.