Mtoto Asije Kabla ya Siku Zake

Anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito huitwa njiti, na duniani ni karibu mtoto mmoja kati ya kumi. Wengine huja mapema bila sababu kujulikana, basi mama asilaumiwe. Lakini yapo yanayozuilika, na mengi yanahitaji nyumba nzima.

Desturi ya kuficha mimba changa inaeleweka. Mfiche jirani, si mkunga. Fika kliniki kabla ya wiki ya 12 upimwe damu, presha, mkojo, kaswende na VVU. Maambukizi ya mkojo yanaweza kuanzisha uchungu mapema hata kama huhisi maumivu. Kaswende ikionekana, mwenzi naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana tena. Penye malaria, lala ndani ya chandarua na umeze SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13 kama mkunga atakavyopanga. Anayetumia septrini aseme kwanza kabla ya kupewa SP.

Sigara, ugoro na kuberi viachwe. Baba avutie nje, au bora naye aache. Pombe haina kiasi kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, na ya kienyeji ni pombe vilevile. Anayepikia kuni ahamie penye hewa.

Ndoo za maji na kusimama kutwa nzima kazini wapewe wengine. Simaanishi kulala kitandani miezi yote. Hilo halizuii uchungu wa mapema na linadhoofisha mwili.

Kipigo ndicho kinachofichwa zaidi. Mkunga akimwomba mume asubiri nje, asione amedharauliwa: mke anahitaji dakika chache za kusema asichoweza kusema mbele yake. Dada, ukipigwa, zitumie dakika hizo.

Baada ya kujifungua, subirini angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ongeeni kuhusu uzazi wa mpango mapema, wakati wa kliniki.

Tumbo likikaza na kuachia kwa kufuatana, maji yakivuja, damu ikitoka au nyonga zikisukumwa chini kabla ya wiki 37, usinywe dawa za mizizi wala usingoje kupambazuke. Hospitali inaweza kumpa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nazo zinahitaji muda kufanya kazi. Kwa hiyo nauli ya usiku iwekwe kando tangu sasa, pamoja na namba ya dereva atakayepokea simu saa nane.