Mukulima aulizwe na mukulima mwenzake

Ndugu wanaushirika, mnyauko wa migomba tunaujua hapa Kivu Kaskazini tangu 2001, wakati ulionekana Masisi. Lakini sisi tukitoka Goma na jile la mradi na fishi mkononi, tukiuliza, "Panga unalisafisha?", kila mutu anajibu ndiyo. Anaogopa tutamwambia angoe shamba lote. Tunaandika ndiyo, na ugonjwa unaendelea.

Ndiyo sababu tunaomba muulizane wenyewe. Mama amuulize mama, wa kilima kingine kama inawezekana, maana mutu anayekudai pesa hauwezi kumwambia yote. Musianze na fishi. Anza hivi: "Siku uliona mgomba wa kwanza umeugua, ulifanya nini?" Halafu nyamaza. Ndipo utasikia kama panga ni la kuazima, linazunguka shamba hadi shamba bila kupitishwa kwenye moto, ama kama majani ya mgomba mgonjwa yalibebwa kwenda kufunika kasiksi.

Kuna mtego mmoja. Mwenzako atasema, "Wewe mwenyewe unajua", nawe utaitika kwa kichwa, na karatasi inabaki nyeupe. Mwambie: "Hata kama najua, nieleze kama vile mimi ni mugeni." Jina lake usiandike. Maneno yake usiyapeleke sokoni: ukifanya vile mara moja tu, kilima kizima kitafunga mdomo.

Sisi maswali yetu ya zamani tulikuwa tunayaona mazuri sana, eh! Majibu muyalete kwenye mkutano wa ushirika, kwanza yale yanayotukosoa.