Nyumba Yenye Hewa ni Kinga

Mwezi huu tujifunze jinsi jengo linavyoweza kueneza ugonjwa au kuuzuia.

Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, hutoa vijidudu vinavyoweza kuelea hewani kwa saa kadhaa. Madirisha yakifungwa, wenzake watavivuta. Yakifunguliwa, upepo huvitoa nje, na jua huviua.

Mwaka 2006 watafiti walieleza yaliyotokea Tugela Ferry, Afrika Kusini: wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kabisa, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamelazwa hospitali siku za nyuma. Walikwenda kutafuta uzima, lakini yaelekea baadhi yao waliupatia ugonjwa huo wodini.

Wasanifu majengo walitafakari jambo hili walipochora hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Waliona kwamba hatari kubwa imo katika korido zilizofungwa, ambamo wagonjwa hungoja wakikoholeana. Kwa hiyo korido wakazitoa nje, zikawa baraza. Wodi zikapewa madirisha makubwa pande zote mbili, dari za juu na feni kubwa.

Je, hayo ni ya matajiri tu? Hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 huko Lima, Peru, ulionyesha kwamba vyumba vya hospitali za zamani, vyenye dari ndefu na madirisha mapana yaliyo wazi, vilibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Vile vya kisasa, navyo madirisha yakiwa wazi, vilibadilisha mara 17 tu.

Nyumbani kwetu tufanye hivi:

1. Tunapojenga, tumwambie fundi aweke madirisha yanayokabiliana, au dirisha lielekee mlango.
2. Tusizibe madirisha kwa magunia wala masanduku. Mbu wazuiwe kwa wavu.
3. Mwenye kikohozi apokee wageni barazani, si chumbani.
4. Anayekohoa wiki 2 au zaidi aende zahanati apimwe. Dirisha si dawa. Akipewa dawa azimalize.

Tusimtenge mgonjwa. Tumfungulie dirisha, tukae naye.

Swali kwa jumuiya: Je, ukumbi wetu, darasa la katekesi na bweni la watoto wetu vinapitisha hewa? Kama sivyo, tuanze na lipi?