NGUVU YA INJINI YENYE TABO: KARAKANANI NA KILIMANI

Katika barabara itokayo Omurushaka kwenda Murongo kwa kupitia Nkwenda, malori ya kahawa hupanda na kushuka vilima vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambako vilima vingi hupita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huweza kutokea malori mawili yenye injini za kilowati 150, kwa mujibu wa vitabu vya watengenezaji, yakalemewa tofauti kabisa na kilima kimoja. Je, kitabu kimesema uongo? La. Kitabu kimejibu swali moja, na kilima kimeuliza jingine.

Kipimo cha karakana

Nguvu ni kazi inayofanywa katika kila sekunde. Ili kuipima, injini hufungwa kwenye dainamometa, chombo kinachoikinza kwa breki huku ikizunguka kwa kasi isiyobadilika. Injini hupozwa vizuri, na tabo hupewa muda wa kufikia kasi yake. Kisha matokeo hurekebishwa yalingane na hewa ya kiwango kilichokubaliwa, iliyo karibu na ile ya usawa wa bahari. Namba ipatikanayo ni ya kweli, lakini ni ya injini iliyotulia.

Hewa ya milimani

Kwenye mwinuko wa meta 1,500, densiti ya hewa ni takriban asilimia 86 ya ile ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu, na nguvu yake hupungua karibu kwa kadiri hiyo: kilowati 150 huwa 129. Tabo, ambayo Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905, ni gurudumu la mapanga lisukumwalo na moshi wa injini. Gurudumu hilo huzungusha pampu inayoshindilia hewa ndani ya silinda, na hivyo huweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Hesabu ya kilima

Chukua lori la tani 20 pamoja na shehena, kwenye kilima kinachopanda meta 6 katika kila meta 100. Uzito wake ni 20,000 × 9.8 = nyutoni 196,000. Kilima hudai asilimia 6 ya uzito huo. Ukinzani wa magurudumu kwenye changarawe, tuseme asilimia 2. Jumla ni nyutoni 15,680.

Tukichukua kuwa asilimia 10 ya nguvu hupotea katika gia na ekseli, injini isiyo na tabo hufikisha kilowati 116 magurudumuni. Mwendo ni nguvu kugawanywa kwa kani: meta 7.4 kwa sekunde, takriban kilometa 27 kwa saa. Ikiwa tabo imefidia upungufu wote, magurudumu hupata kilowati 135, na mwendo huwa kilometa 31 kwa saa.

Deni la muda

Lakini dereva akibadili gia katikati ya kilima, huachia mafuta. Moshi hupungua na tabo hupoa mwendo. Katika sekunde 2 bila msukumo, kani ileile ya nyutoni 15,680 hulipunguzia lori meta 1.6 kwa sekunde, karibu kilometa 6 kwa saa. Hata gia ikiingia, tabo huhitaji muda kuamka. Ndiyo maana dereva mzoefu huchagua gia kabla ya kuanza kupanda, na utingo huweka jiwe lake tayari.

Jambo hilohilo huonekana Marekani katika mashindano ya magari kwenye mstari ulionyooka wa takriban meta 402. Gari lenye namba kubwa kwenye dainamometa laweza kushindwa na lenye namba ndogo, kwa sababu ya uzito, mshiko wa matairi, au tabo iliyochelewa.

Maswali

1. Rudia hesabu kwa kilima cha meta 10 katika kila meta 100. Je, tofauti ya mwendo baina ya injini hizo mbili inaongezeka au inapungua?

2. Eleza kwa nini dainamometa, injini ikiwa katika kasi isiyobadilika, haiwezi kuonyesha kuchelewa kwa tabo.