Nilivuta Begi Langu: Dhana Mbaya Hutoka Wapi?



Vijana wenzangu, somo la leo linaanza na aibu yangu. Likizo iliyopita, ndani ya daladala, kijana mwenye rasta alikuja kukaa siti ya pembeni yangu. Kabla sijawaza chochote, mkono ulishavuta begi. Aliona. Akageukia dirishani, kimya, mpaka aliposhuka. Mimi ni mweusi kama yeye. Hofu ile niliitoa wapi?

Siku ile nilimkumbuka Amadou Diallo. Usiku wa Februari 4, 1999, huko Bronx, New York, kijana huyu wa miaka 23 kutoka familia ya Guinea alikuwa mlangoni pa jengo alimokuwa akiishi. Polisi wanne waliovaa kiraia wakamshuku. Alipotoa kitu mfukoni, walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Kitu chenyewe kilikuwa waleti. Mwaka 2000 mahakama iliwaachia huru wote wanne.

Ni rahisi kusema, wale walikuwa wazungu, wabaguzi, basi. Lakini mwaka 2002 mwanasaikolojia Joshua Correll na wenzake walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa kompyuta. Zinatokea picha za wanaume weusi na weupe, wengine wameshika bastola, wengine simu au waleti, na mchezaji anaamua upesi apige au aache. Mweusi mwenye bastola alipigwa haraka zaidi kuliko mweupe mwenye bastola. Na wachezaji weusi nao walifanya vilevile! Hapo nilishtuka.

Aristotle alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudia. Naona dhana nayo ni hivyohivyo. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akaniambia kijana mweusi ni mhalifu. Ila nimeangalia muvi ngapi ambamo mweusi ndiye muuza unga, na nimecheka vichekesho vingapi vya rasta na bangi? Picha ikirudi mara nyingi hatuihoji tena. Tunaivaa kama miwani.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anataja hatua tatu za dhana mbaya. Ya kwanza, ishara ndogo inakufanya uanze kutilia shaka wema wa mtu. Hiyo anaihesabu dhambi ndogo, maana ni vigumu kuishi duniani bila kishawishi hicho. Ya pili, unaishika dhana kama jambo la hakika, na ikihusu jambo zito ni dhambi ya mauti. Ya tatu, hakimu anamtia mtu hatiani kwa kushuku tu, na hapo haki yenyewe imevunjwa. Kwa Diallo, hatua zote tatu zilipita ndani ya sekunde chache. Mimi je? Ningependa kusema niliishia ya kwanza, lakini jamani, niliposhuka nilikagua kama simu ipo.

Soma Yohane 1:45-51. Nathanaeli alikuwa na dhana yake kuhusu watu wa Nazareti. Filipo hakubishana naye, alimwalika tu aende akajionee. Naye akaenda, huku hajaamini bado! Ndiyo maana napenda kwamba Yesu hakumkaripia, bali alimsifu kuwa hana hila.

Usiku wa leo, unapochunguza dhamiri kabla ya kulala, jiulize: leo nimemwogopa nani, na nilijua nini hasa juu yake? Ukimkumbuka mtu, mwombee, hata kama hujui jina lake. Mimi wa kwangu namwita "kijana wa dirishani".