Tope la Kuchimbia: Istilahi za Kisima cha Gesi

Mwaka 1974 kisima kilichochimbwa katika kisiwa cha Songo Songo, karibu na pwani ya Kilwa, kilifikia gesi asilia; na tangu mwaka 2004 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mwanafunzi asomapo habari za visima vya namna hii hukutana na neno "tope", naye hudhani kuwa ni uchafu utokanao na kazi. Sivyo. Tope la kuchimbia hutengenezwa kwa makusudi, hupimwa kila mara, na ndilo kinga ya kwanza ya kisima.

Mnara wa kuchimbia hubeba mabomba marefu yaliyounganishwa, na mwisho wake wa chini hufungwa kekee yenye meno magumu ya kusaga mwamba. Tope husukumwa kwa pampu ndani ya mabomba hayo, hutokea katika matundu ya kekee, kisha hupanda kupitia mwanya wa pete, yaani nafasi iliyopo kati ya mabomba na ukuta wa kisima. Hupoza kekee na kupandisha chenga za mwamba. Udongo laini uliochanganywa humo hulifanya lignande kidogo pampu inaposimama, ili chenga zisizame tena.

Lakini kazi yake kubwa ni uzito. Gesi iliyomo katika vinyweleo vya mwamba ina kanieneo, yaani kani inayogandamiza kila mita mraba moja. Kanieneo ya tope hupatikana kwa kuzidisha densiti, mchapuko wa mvutano wa dunia na kina. Tuseme kina ni mita 2,000 na kanieneo ya gesi ni megapaskali 21. Maji matupu, yenye densiti ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, hutoa megapaskali 19.6 tu, na gesi itaingia kisimani. Tope lenye densiti ya 1,200, lililoongezwa unga wa madini mazito ya baraiti, hutoa 23.5, nayo gesi hubaki mwambani. Hata hivyo uzito ukizidi mno mwamba hupasuka, tope hupotelea katika nyufa, kimo chake hushuka, na hatari ile ile hurudi kwa mlango wa nyuma.

Gesi ikianza kuingia, Waingereza husema kisima kimepiga "teke". Tafsiri hiyo ya neno kwa neno haifai sana, kwani haionyeshi kinachotukia. "Mwingilio" ni bora zaidi. Dalili yake ni kwamba tope linalorudi ni jingi kuliko linaloingizwa. Mwingilio usipodhibitiwa huwa mfoko: gesi hupanda, hutanuka kadiri inavyokaribia juu, na kutoka kwa nguvu. Hapo hutumainiwa vali za kuzuia mfoko zilizofungwa kwenye mdomo wa kisima.

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi wa mtambo wa Deepwater Horizon walikuwa wakiliondoa tope zito na kuweka maji ya bahari mahali pake. Saruji iliyowekwa chini haikuizuia gesi. Jaribio la kupunguza kanieneo lilionyesha karibu megapaskali 10 katika mabomba ya kekee, ilhali ilitakiwa iwe sifuri. Kipimo hicho kilifasiriwa vibaya na kazi ikaendelea. Vali za kuzuia mfoko nazo hazikufaulu kukiziba kisima. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika baharini kwa siku 87.

Zoezi: Kisima kina kina cha mita 3,000 na kanieneo ya vinyweleo ni megapaskali 36. Tafuta densiti ndogo kabisa ya tope iwezayo kuizuia gesi. Kisha eleza kwa nini mchimbaji hatachagua densiti hiyo hasa, bali iliyoizidi kidogo.