Je, Yoga Husaidia Maumivu ya Mgongo?

Swali: Nashinda nimekaa ofisini na mgongo unaniuma kwa miezi sasa. Je, yoga itanifaa? Nianzeje?

Jibu: Yaelekea itakufaa, ila usitarajie miujiza. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Sababu inaeleweka: misuli inayoshikilia uti wa mgongo hudhoofika na kukakamaa kwa kukaa, nayo yoga huinyoosha na kuiimarisha kwa pamoja. Wapo wasemao yoga ni ya wenye viungo laini. Kumbe ulaini ni matunda ya mazoezi, si sharti la kuanzia. Wengine huihofia kwa sababu ya imani yao. Ni kweli chimbuko lake ni dini za India, lakini kunyoosha mwili na kupumua taratibu hakudai ibada; tafuta darasa la mazoezi matupu. Anza kwa dakika 10 mara 3 kwa wiki, ikiwezekana chini ya mwalimu, na usijilazimishe penye maumivu makali. Lakini mguu ukifa ganzi au wewe ukishindwa kuzuia mkojo, hiyo si kazi ya yoga: wahi hospitali.